Nilichomoa Taa ya ABS, Shemeji Akabebeshwa Lawama

Msinipe pole, sistahili. Mimi ni fundi magari hapa Singida mjini, na aliyemvunja dada yangu nyonga ni mimi. Ukoo mzima unamlaani mtu mwingine.

Shemeji yangu, mume wa dada, simpendi. Sikumpenda tangu alipokuja kuposa, na yeye hanipendi. Ana mdomo yule bwana! Alileta gari gereji, taa ya ABS, ule mfumo wa kuzuia matairi yasigande ukifunga breki, inawaka, na ile ya kuzuia kuteleza inawaka nayo. Nikachomeka mashine ya kupimia, ikanionyesha kosa liko kwenye sensa, kile kifaa kinachosoma mzunguko wa tairi, upande wa mbele kushoto. Nikabadilisha sensa, taa zikazima. Nikajiona bingwa.

Hakufika hata kona ya pili, akarudi. Taa zinawaka! Nikapima tena, nikazifuta, akaondoka, akarudi tena.

"Wewe ni fundi au muosha magari?" aliniuliza mbele ya wateja, mafundi wenzangu wanacheka. "Bora ningempelekea fundi baiskeli!"

Damu ilinichemka! Badala ya kukiri limenishinda, nikafungua dashibodi na kuchomoa balbu zote mbili. "Haya, chukua gari lako," nikamwambia. Moyoni nikasema, ukateleze huko uone. Ndiyo, nilisema hivyo!

Jioni dada akapiga simu. Kumbe aligoma kuliendesha kwenye mvua mpaka taa zizime. "Asante kaka. Sasa naweza kwenda Ilongero kumwona mama."

Nafasi ya kusema nilikuwa nayo! Nikamwambia, "Safari njema."

Kesho yake mvua ilinyesha, ng'ombe wakavuka barabara. Dada akakanyaga breki, matairi yakaganda, gari likateleza mpaka mtaroni.

Gari lilivutwa likaletwa kwangu. Nilipozungusha usukani nikauona ugonjwa wake. Waya wa sensa, ambao sikuubadilisha, ulikatika ndani ya ganda lake, pale unapojikunja gari likikata kona. Mimi nilikuwa napima tairi likiwa limenyooka juu ya jeki. Mjinga mimi! Ilikuwa kazi ndogo kabisa.

Kisha ukoo ukakaa kikao. Baba mdogo alimfokea shemeji, "Umempa binti yetu gari bovu!"

"Baba, gari lilitoka kwa fundi, na fundi ni huyu hapa," shemeji akajibu.

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Mimi nililitengeneza. Labda yeye aliligusa baadaye." Nilisema bila hata kupepesa macho! Na dada, anaugulia maumivu pale kwenye godoro, akanitetea: "Kaka hawezi kunidanganya."

Sasa dada anauguzwa kwa mama, ameapa harudi kwa mumewe. Shemeji akija kumwona anaishia mlangoni.

Mafundi wenzangu, gari likikushinda, sema limekushinda! Ile aibu ungeisahau wiki hiyo hiyo. Na wewe mwenye gari, ukifungua swichi, taa ya ABS lazima iwake kidogo ndipo izime. Isipowaka kabisa, mkunje shati fundi wako, amekufanyia nilichofanya mimi.

Dada, kurasa hizi najua huwa unazisoma. Rudi kwa mumeo. Bado simpendi, lakini gari hakuligusa.