Kifaa cha Intaneti Sandukuni Mwangu

Bibi mzima mwenye akili zangu nyingi, nilisimama nje ya kanisa hapa Kibosho nikamtangaza jirani yangu, Mama Aneti, kuwa mwizi wa intaneti. Kompyuta ya mjukuu wangu Neema ilikuwa inakwama, na usaili wake wa kazi kwa video ulikuwa kesho. Nani mwingine angetunyonya?

Fundi alikuja, na Mama Aneti nyuma yake.

"Shikamoo bibi. Kifaa chenyewe kiko wapi?"

"Marahaba. Nimekihifadhi, wezi ni wengi," nikasema, nikimkodolea macho jirani.

Nikafungua sanduku langu la bati. Kifaa kilikuwa chini ya vitenge, kikiwaka, waya ukichungulia nje.

Fundi akacheka. "Bibi, umekizika! Mawimbi hayapenyi bati."

Mama Aneti akaonyesha uani, kwenye mmea ambao sisi wa huku huombea msamaha kwa jani lake. "Isale lako lile pale. Chuma jani, uje uniombe msamaha palepale kanisani, kwa sauti ileile."