Mama Wawili kwenye Fomu Moja

Saa moja asubuhi, Cibalonza anapasua mayai jikoni mwa shule ya Kikristo, mtaa wa Iroquois, Louisville. Mayai mia mbili, na hakuna ganda linaloponyokea bakulini. Mkono mwepesi huyu mama. Uso ndio mzito leo, na sababu iko mfukoni mwa aproni: barua.

Ni ya shule hiyohiyo anayoipikia mwaka wa tatu sasa. Inasema Bonheur, mtoto wa miaka mitano, amekosa nafasi, kwa kuwa shule haipokei watoto wa wapenzi wa jinsia moja.

Balaa lilianzia kwenye fomu. Cibalonza aliingia Marekani mwaka 2013 na dada yake mkubwa, Gracieuse, baada ya miaka kumi na mmoja ya kambi ya wakimbizi. Gracieuse alimzaa Bonheur, akaugua, mdogo mtu akambeba mtoto mgongoni. Kwao Kivu, mdogo wa mama ni mama, basi. Penye wazazi, Cibalonza akaandika: Mama, Gracieuse. Mama, Cibalonza. Na kama ndugu wengi wa Kikongo, majina yao ya mwisho hayafanani. Ofisini nani angejua?

“Nilichekaka mpaka machozi,” anasema. “Mimi na dada yangu?”

Kicheko kilikatikia kwa mkuu wa shule. Aliomba radhi kwa upole, akasema jambo ni dogo: aandike upya, Gracieuse awe mama, yeye awe shangazi, kisha asaini kwamba nyumbani hamna wapenzi wa namna ile. Nafasi itarudi, na karo atalipa nusu kama wafanyakazi wengine.

Shangazi tena! Shangazi ni dada wa baba, na marehemu baba wa Bonheur hakuwa na dada. Hilo liliuma, lakini lipo lililouma zaidi.

“Bon, sawa, na kama tungekuwa hao munaosema,” alimuuliza mkuu, “mutoto angekuwa amefanya nini?”

Mkuu alitazama dirishani, akajibu kwamba ndiyo sera ya shule.

Cibalonza ni mwanakwaya, na hadai kuyaelewa mambo ya wapenzi hao. Anachokijua ni kurudishwa mlangoni kwa ajili ya karatasi. Kambini orodha ya mgao wa chakula iliwahi kuwaruka, wakashinda njaa wiki nzima. Gracieuse amemsihi asaini tu yaishe. Mwisho ni Ijumaa, na penye shangazi bado ni peupe.

Hatasaini. Agosti, Bonheur atapanda basi la njano kwenda shule ya serikali.

“Fomu yao nilijaza jana,” anasema, akichukua yai jingine. “Mama, na tena Mama. Karani aliuliza kitu kimoja tu: mutoto anakulaka mayai, ama yanamuletea ugonjwa?”