Diwani Alipoungama Kliniki

Jumatatu iliyopita, kwenye kliniki moja upande wa Malaba, sisi akina mama tulipanga foleni juani na watoto mgongoni, maana kibanda cha kungojea hakina mabati. Akapita diwani wetu, aliyekuwa mhubiri kabla ya uchaguzi.

"Mchungaji, njoo usimame mbele," mama mmoja akamwita.

"Mama, siku hizi mimi ni diwani."

"Ndiyo maana nakuita. Ulitufundisha kanisani, aliyekosa asimame mbele aungame."

Akavua kofia, akatazama viatu vyake. "Niliahidi mabati, nikasahau."

Tukamwimbia kwa makofi, kama tunavyompokea kila aliyetubu. Ijumaa mabati yakapigiliwa. Laiti kila diwani angekuwa mhubiri kwanza, tungejua pa kumsimamisha.