Kuku Walipoacha Kufuata Jembe

Kwetu, upande wa Shianda, jembe halikuwahi kulima peke yake. Ukiliinua tu, kuku wako nyuma yako, wanagombania nyungunyungu kabla bonge la udongo halijatulia. Nilizoea kuangalia nyuma kabla ya kupiga, nisije nikakata mguu wa kitoweo cha Krismasi.

Msimu huu nililima mistari miwili, nikageuka. Hakuna kuku. Nikadhani ni ugonjwa, nikaenda kuwahesabu, nikawahesabu tena, maana kwetu kuku hupungua wageni wakija. Wote walikuwapo, wazima, wanachakura majivu nyuma ya jiko. Nikambeba mtetea mmoja hadi shambani. Akachakura kidogo, akaniangalia kama mteja aliyeonyeshwa omena wa juzi, akarudi zake.

Nikachimba pale alipoacha. Juu gamba, chini vumbi la kijivu, halafu jembe likagonga kama limekuta sakafu. Hakuna nyungunyungu. Nikachimba kando, hakuna. Nikaenda kwenye migomba tunakotupa maganda na majivu. Huko pigo moja tu likawafukua, wanene, wanajipinda.

Mama hupanda kwa kipimo. Nikiwa mdogo kilikuwa kizibo cha soda: shimo moja, kizibo kimoja cha mbolea ya dukani. Mahindi yalipopungua, akahamia kifuniko cha mtungi wa mafuta. Sasa ni kifuniko cha chupa ya jamu. Shimo ni lile lile, na magunzi yanazidi kukonda. Udongo umekuwa kama mlevi: kipimo kinaongezeka, kazi haionekani.

Mwenye duka la pembejeo aliniambia udongo umechachuka kwa kupewa mbolea hiyo hiyo miaka yote bila samadi, kwa hiyo ninunue chokaa. Mbolea yenyewe ametuuzia yeye. Nikamuuliza kama na majeneza anauza. Alicheka, lakini bei hakushusha.

Jioni nikamwomba Mama tuache mbolea shamba lote, tutie samadi na chokaa. Nilikuwa nalenga nusu. Lakini biashara nilifundishwa na yeye, na obusuma yetu, ugali wa mwaka mzima, inatoka shamba hilo tu.

"Udongo ukipona mwaka kesho, mwaka huu tutasonga chokaa?" aliuliza.

"Mama, kuku wenyewe wamehama."

"Kuku hajawahi kulala njaa kwangu. Wewe pia."

Akanipa robo, ile ya chini.

Mvua ikaja. Mahindi yamefika magotini. Yake ni ya kijani, kijani cha kulazimishwa. Yangu yana manjano. Majirani wakipita njiani hunisalimia kwa upole, kama mtu aliyefiwa.

Kila asubuhi nikifungua banda naangalia kuku wanaelekea wapi. Leo mtetea mmoja ameshuka hadi robo yangu. Nikasimama nisipumue. Akachakura, akainamisha kichwa, akachakura tena. Alipoinuka, mdomo ulikuwa mtupu. Akapanda kurudi majivuni.

Mama alikuwa mlangoni, ameona yote. Ameshika ndoo ya mbolea ya kukuzia, na kile kifuniko. Akashuka kuelekea robo yangu, na njia ya kati ya mahindi ni nyembamba, haipitishi wawili.

Nikampisha.