Maoni ya Bibi Kuhusu Mizimu

Jumapili mchana, filamu ya nyumba yenye mizimu ilipokwisha kwenye banda la video hapa Bombambili, watazamaji walitoka nje, wakaanza kuijadili.

"Ningehama siku ileile!" alisema dereva wa bodaboda. "Unasikia vishindo darini, halafu unapanda kuangalia?"

Bibi mmoja muuza karanga alitikisa kichwa. "Marehemu amerudi kwake, nao wanamfukuza. Babu yenu akirudi, nitasonga ugali wa wawili."

Watu wakacheka. "Bibi, huogopi?"

"Naogopa kurudi jioni. Napiga hodi kwangu kwa mazoea, nasikia kimya."

Dereva akafuta kiti cha pikipiki yake kwa kiganja.

"Panda, Bibi. Leo utangulie ndani, hodi nitapiga mimi."

Mkiniuliza kama filamu ile inatisha, sikumbuki vizuri. Nilibaki nikiitazama pikipiki mpaka ilipokata kona.