Champali za Ba

Leo nacheka, lakini siku ile, jamani, ningepata shimo ningejifukia mwenyewe.

Tulipofukuzwa Kampala tukatua Landani, mume wangu Ramesh, fundi wa mahema, aliambulia kazi ya kushona matanga kule Woolwich, na tajiri yake akatupa mashua yake kuukuu tuishi na kushonea humo humo (kitanda huku, cherehani kule, ukigeuka vibaya unakalia sindano). Mimi niliipenda, maana ilikuwa kwetu. Lakini kaka mkubwa wa Ramesh, shemeji Suresh, aliona aibu, akasema Jumapili atamleta Ba, yaani mama mkwe, aamue mwenyewe: akisema hapafai, tufunge virago tukalale stoo ya duka lake Wembley.

Basi nikapania! Nikasugua mbao mpaka mikono ikachubuka, na walipofika, Suresh, mkewe na Ba, nikajitia mwenye nyumba hasa, nikawaambia, "Karibuni, viatu hapo hapo kwenye ngazi." Ngazi zenyewe za mawe, zinashuka kutoka barabarani hadi mtoni, na mashua imefungwa chini yake.

Tukala bhajia, tukanywa chai ya tangawizi, Ba akakagua mpaka mishono ya matanga, akamwambia Ramesh, "Mkono wako mzuri." Nikajua nimeshinda.

Tunatoka nje, ngazi ya viatu haipo. Maji yamejaa! Mimi, mzaliwa wa Mombasa, niliyekulia kwenye maji kujaa na kupwa, ninayekaa juu ya mto huo huo miezi minane, kwa kiherehere cha kuonyesha usafi nikasahau kwamba nao hujaa. Kiatu kimoja cha Suresh kilikuwa kinaelea kule, Ramesh akakifuata kwa upondo, akateleza, pwaa! Watu barabarani wakapiga makofi.

"Champali zangu," Ba akasema taratibu.

Zilinunuliwa na marehemu baba mkwe, na ndizo alizotoka nazo Kampala. Nikalia kama mtoto.

"Umeona, Ba?" Suresh akadakia, soksi zimelowa. "Hapa ni pa kuishi watu?"

Ba akanitazama mimi, akamtazama Ramesh anayetiririka maji.

"Nimeacha nyumba nzima sikulia, leo nilie champali? Binti, nipe mabuti ya Ramesh. Na wewe Suresh, waache wakae kwao."

Akapanda treni mpaka Wembley na mabuti ya mpira chini ya sari.

Tangu hapo nimeapa, kwangu mtu aingie na viatu vyake, hata vina tope, nitadeki mwenyewe. Wote wananitii isipokuwa Ba. Yeye bado anavua, ila anaingia navyo kwapani, anaviweka mapajani, ndipo anapokea chai.