Kushuka Milepa Mara Sita

Kwa miaka mingi nimefundisha jiografia hapa Sumbawanga, na kila mwaka nilichora ubaoni mishale ileile: jua linapiga ardhi, ardhi inapasha hewa, hewa inapanda. Wanafunzi walinakili, nikafuta, tukaendelea. Kumbe sikujua ninachokisema.

Nilikuja kugundua hivyo wakati wa likizo, nikiwa nimening'inia chini ya mwavuli wa kurukia, pale uwanda wa Ufipa unapokatika ghafla na bonde la Rukwa linabaki chini likifuka joto. Mkufunzi wetu, mtu wa maneno machache aliyekuja kwa kiangazi kimoja tu, alikuwa na sharti. Ukiruka kutoka ukingoni, utafute mkondo wa hewa ya joto, uzunguke ndani yake, upande mpaka uwe juu ya pale ulipoondokea. Mara moja inatosha, naye anakuhesabu rubani. Asiyeweza hadi Jumamosi ya mwisho, basi tena, kwa sababu mkufunzi alikuwa anaondoka na miavuli yake yote, na mimi sikuwa na uwezo wa kununua wangu.

Nilishuka Milepa, kijiji cha chini bondeni, mara tano. Mara tano nilikunja mwavuli kwenye majaruba makavu ya mpunga, nikapanda bodaboda kurudi juu, vumbi mpaka kwenye meno, nikimjibu dereva kwa mkato kana kwamba yeye ndiye aliyeniangusha. Mimi si mtu wa kutulia, tangu utoto. Ugali wangu una madonge kwa sababu siwezi kungoja maji yachemke. Na angani ilikuwa hivyohivyo. Kidude cha kifuani kikilia pii, ishara kwamba napanda, mkono wangu ulikuwa umeshavuta kamba, nimeshageuka, na hewa imeshanitema. Mkufunzi aliniambia redioni nisubiri. Nikamjibu nimesubiri. Akasema ile haikuwa kusubiri.

Mara ya sita, Alhamisi, nilitua vibaya zaidi. Mwavuli ulifunika turubai la mpunga la dada mmoja aliyekuwa akipepeta, na makapi aliyokwisha kuyatenga yakachanganyika upya na punje. Nilikuwa bado najitoa kwenye mikanda, najiandaa kuomba radhi, nikasikia, "Shikamoo, mwalimu."

Dada huyo nilimfundisha miaka minne. Alikuwa akikaa nyuma karibu na dirisha, na sikumbuki kama aliwahi kunyoosha mkono. Nikaitikia marahaba, nikaona aibu, nikachukua ungo wa pili nimsaidie kurudia kazi niliyoiharibu.

Kazi yenyewe ni kuinua ungo juu ya kichwa na kumimina mpunga taratibu, upepo upeleke makapi pembeni. Upepo ulipogusa shavu langu tu, nikamimina. Ukafa papo hapo. Kila kitu kikaanguka miguuni kwangu, punje na makapi pamoja. Nikajaribu tena, ikawa vilevile. Mara ya tatu alinishika mkono.

"Huo bado, mwalimu. Huo unavutwa na lile shamba lililochomwa kule. Upepo wenyewe unakuja nyuma ya huo."

Nikatazama alikoonyesha. Juu ya shamba jeusi vumbi lilikuwa likijizungusha na kwenda juu. Kwetu upepo ukakatika kabisa, majani yakasimama. Mikono yangu ilikuwa inawasha. Ndipo ukaja, mpana, hauna haraka, na yeye akamimina, makapi yakaenda zao. Nikaelewa nilichokuwa nakigusa angani mara zote hizo: ukingo tu wa mkondo, na kila mara niliukimbilia nikauacha mkondo wenyewe mbele yangu.

Nilimuuliza amejifunza wapi. Alicheka kidogo, bila ubaya.

"Hata darasani nilikuwa najua, mwalimu. Ila ulikuwa unauliza, halafu unajibu mwenyewe."

Nikaendelea kupepeta hadi mpunga ukaisha. Njia nzima kurudi nilibishana naye kichwani, nikamwambia wanafunzi walikuwa sabini, mtaala mrefu, mtihani unakuja. Yote ni kweli, lakini hayakunipa usingizi.

Jumamosi niliruka saa tano na nusu. Nilielekea juu ya shamba lililochomwa. Kwanza nilishuka. Kidude kikalia pii. Mkono ukataka kuvuta, nikaushika kwa mkono mwingine, nimeuma meno, nikahesabu moja. Mbili. Kikanyamaza, nikajua nimekosa, nikatukana. Tatu. Ndipo kiti cha mikanda kikanisukuma kutoka chini kwa nguvu, kidude kikalia mfululizo, na nikageuka. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa sita. Ukingo wa uwanda ukawa sawa na macho yangu, kisha ukawa chini ya miguu yangu, na mkufunzi akasema redioni kwamba nimefaulu, nitoke sasa, nirudi nitue.

Sikutoka upesi. Nilizunguka nikilia kwa furaha, na kwa kitu kingine. Nilikuwa nimekumbuka ripoti ya mwisho ya yule binti, kwenye mstari wa jiografia. Niliijaza kwa wino mwekundu, nimesimama, kabla kengele haijalia: mzito wa kuelewa.